Mboga Isiyopikwa

"Samahani, ndugu mkulima," kilisema Kinusi, kwa ile sauti yake ya binti wa redio anayesoma matangazo ya vifo, "jani lako limelewa."

Dokta Sechelela Ndahani alikitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekula akashiba, akanawa, ndipo akasema chumvi ilizidi. Chombo hicho cha kupima mimea kilikuwa kimekaa juu ya meza ya kituo chake cha mbegu pale Ilolo Mpya, ukubwa wake kama debe la mafuta, kifuniko bado kinafuka. Jani lenyewe halikuwapo tena. Lilikuwa limegeuka mvuke, mvuke umenuswa, na hukumu imetoka.

"Halikulewa," alisema. "Mmelilevya ninyi."

Bwana Chilewa, mkaguzi wa mimea wa wilaya, alivua kofia akaiweka juu ya Kinusi kama anayekifumba macho. Jina lake halikuwahi kumsaidia katika kazi ile. Kila alikokwenda kukagua bangi walimwuliza kama amekuja kikazi au kiukoo.

"Seche," alisema, "tusianze."

"Hicho kinapasha joto kiasi gani?"

"Unajua."

"Nataka kusikia kwa mdomo wa Serikali."

"Nyuzi mia tatu."

"Basi mmelikaanga jani langu, halafu mnashangaa linanuka kukaangwa."

"Nimesoma darasa moja na wewe," alisema Chilewa kwa uchovu. "Bangi mbichi haina kilevi cha kutajwa, ina asidi. Moto ndio unaoigeuza asidi kuwa kilevi. Najua. Hata dereva wangu anajua, nilimweleza njiani mpaka akapitiliza kona ya kuja hapa. Lakini sheria haikuandika kilevi kilichomo. Imeandika kilevi kitakachoonwa na Kinusi. Na Kinusi kimekiona."

Hilo ndilo lililomshinda Sechelela. Mjinga unamfundisha. Mtu anayejua kila unachokijua, akatikisa kichwa kukukubalia, kisha akakukatalia, huyo utamfundisha nini?

Na sheria yenyewe ilizaliwa harusini. Katika kijiji cha jirani, mwaka ule mvua ya zamu ilipoanza na kila kata ikapewa siku yake ya kunyeshewa, mpishi mmoja alianika mlenda wake karibu na ua wa shamba la bangi ya dawa. Upepo ukachanganya. Majani yakakauka pamoja, yakatwangwa pamoja, yakaingia chungu kimoja na karanga. Ilipofika zamu ya mshenga kushukuru, alikishukuru kila kiti ukumbini kwa jina, na viti vingine, waliokuwapo wanaapa, vilimwitikia. Kwaya iliimba pambio moja hadi jua likachwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka mwisho wake. Watu walicheka mwaka mzima. Ila dereva wa boza la maji alikuwa amekula sahani mbili, akaliingiza boza sokoni, na muuza nyanya aliyekuwa ameinama kupanga mafungu yake hakunyanyuka tena. Hapo kicheko kikaisha, Kinusi kikaletwa.

Sechelela alikuwa amewahi kununua nyanya kwa yule mama. Kwa hiyo hakuweza hata kuichukia sheria kwa moyo wote, na kuchukia kwa nusu moyo kunachosha kuliko kuchukia kamili.

"Njoo," alimwambia Chilewa. "Njoo uone unachotaka king'olewe."

Ndani ya kitalu mimea ilisimama kwa mistari, mirefu, mashina kama vifundo vya mkono wa mkulima. Sechelela alishika kichala cha ua akakitumbua kwa ukucha. Mbegu changa ikatoka, laini, ikavuja utomvu mweupe.

"Bado maziwa," alisema Chilewa.

"Bado maziwa. Na ndani ya maziwa hayo yumo Bubu."

Chilewa aliukumbuka mmea ule, Bubu, nani angemsahau. Mmea wowote wa bangi hutengeneza kwanza asidi moja ambayo pale kituoni waliiita asidi mama, kwa kuwa nyingine zote huzaliwa nayo. Kimeng'enya kimoja huichukua asidi mama kikaifanya asidi ya kilevi. Kingine huifanya asidi ya upole. Kila moja ya asidi hizo hutembea na gunia la kaboni mgongoni, kama mchukuzi wa stesheni, na mchukuzi mwenye gunia hapiti kwenye mlango wa ubongo. Ukimla mbichi, amekula hasara yeye. Moto ndio unaomtua gunia, likapaa hewani, naye akaingia kichwani mwako amenyoosha mikono. Sasa Bubu hakuwa na kimeng'enya cha aina yoyote. Jeni yake ya kukitengeneza ilikuwa imevunjika, haisemi kitu. Asidi mama ilijaa ndani yake ikakosa wa kumzaa. Ungemchemsha Bubu, ungemkaanga, ungemvuta kwa kiko mpaka ndevu ziungue, ungebaki na akili zako zilezile, mbaya au nzuri.

Ila alikuwa dhaifu. Mtu akikohoa mlangoni, Bubu anapukutisha jani. Ndiyo maana Sechelela alimwozesha kwa bangi mwitu ya milimani, ile inayoota juu ya mwamba bila kumwomba mtu maji. Watoto wakatoka na nguvu za baba. Kisha zamu ya mvua ikarukwa, na Bubu akafa kabla vipandikizi vyake havijashika mizizi.

"Kila mmoja wa hawa ana jeni moja bubu ya mama na jeni moja ya baba inayosema," alisema Sechelela. "Kinusi kinaisikia inayosema. Lakini nimewachavusha wao kwa wao. Katika wajukuu, robo watapata bubu kwa pande zote mbili. Mabubu wenye nguvu, Chilewa. Mmea ambao hata mpishi wa ile harusi asingeweza kuuharibu. Niache wakomae."

"Ijumaa wang'olewe."

"Ijumaa bado ni maziwa, hazitaota."

"Sheria haijui maziwa." Chilewa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapangusa uso. Alipozungumza tena alizungumza chini, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. "Kuna kifungu cha mboga."

Kifungu kile kilitungwa baada ya Kinusi kuushtaki mnavu wa bibi mmoja kwa harufu tu. Kilisema mmea ambao wenyeji wanautumia kama mboga hautapimwa kwa moto. Kitu cha kufanya ni kumpeleka mlaji mbele ya kamati, aseme anaula vipi. Kamati ikiridhika, mmea unakuwa mboga, na mboga ni ya watu wote: mwenye shamba anafungua lango, majani yanachumwa bure, na namna ya kuila, kwa maneno ya yule mlaji, inabandikwa sokoni.

"Dada yangu anaitafuna mbichi kila siku," alisema Sechelela polepole. "Wataandika mbichi."

"Wataandika mbichi," alisema Chilewa. "Na watu watapika. Wewe umewahi kuona Mgogo anakula jani mbichi?"

"Wataelekezwa."

"Sawa."

"Ni mpaka mbegu zikomae tu. Halafu naing'oa mwenyewe."

"Sawa, Seche. Mimi sijasema kitu. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo."

*

Peresi, dada yake Sechelela, alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, na kabla kifafa hakijamzidi alikuwa mpishi mkuu wa harusi na vipaimara vya dayosisi nzima. Maaskofu wawili walikuwa wamempigia magoti, walikuwa wamefuata kipande cha nyama kilichoanguka, lakini yeye alisimulia nusu ya kwanza tu. Sasa hakuruhusiwa kusogelea jiko. Alikuwa ameangukia sufuria ya uji, na mkono wake wa kushoto ulibaki na ngozi ya kung'aa kama karatasi ya peremende.

Wakati wa Bubu alikuwa amepata nafuu, au walau nyumba nzima iliamini hivyo. Juisi ya majani mabichi asubuhi, na miezi ikapita hajaanguka. Tangu Bubu afe alitafuna majani ya watoto wake, ambayo asidi mama yao ilikuwa kidogo, inang'ang'aniwa na kimeng'enya cha baba. Alianguka, lakini si kama zamani.

Na alitafuna amefunga mlango. Sechelela alibisha akasikia kutafuna kunakoma.

"Nani?"

"Mimi, dada."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mlango ulifunguka kidogo. Kidevu cha Peresi kilikuwa na rangi ya kijani.

"Kaa useme haraka, sijamaliza malisho," alisema.

Sechelela alimweleza yote: Kinusi, Ijumaa, mbegu za maziwa, kifungu cha mboga. Peresi alisikiliza huku akijipangusa kidevu kwa ncha ya kanga. Mwisho akauliza jambo moja.

"Mbele ya nani?"

"Kamati ya wilaya. Mama Mwaluko ndiye mwenyekiti."

"Huyo nilimpikia ubarikio." Peresi aliiachia ncha ya kanga. "Unataka nisimame mbele ya Mama Mwaluko niseme mimi ninakula majani mabichi."

"Ni dawa, dada."

"Dawa ungeniambia niseme dawa. Umeniambia niseme mboga. Mboga mbichi ni ya nani, Seche? Ya mbuzi. Nimepika mlenda mpaka mzungu mmoja akaomba kuzikwa hapa. Leo niende nikalie 'mee' mbele ya watu niliowalisha."

"Hakuna atakayecheka."

"Wewe umesoma sana," alisema Peresi kwa huruma.

Kisha mkono wa kushoto wa Peresi ukaanza kutetemeka, mtetemeko mdogo ambao wote wawili waliujua. Sechelela aliusogeza mkeka, akakaa tayari. Safari hii ulipita bila kumwangusha. Peresi alipopata pumzi alisema, bila kumtazama mdogo wake, "Nitakwenda. Unisukie nywele kwanza."

*

Ukumbi wa kamati ulikuwa umejaa kuliko kawaida, maana habari za mtu atakayekula bangi mbele ya Serikali zilikuwa zimetembea. Mama Mwaluko alikaa katikati ya meza, mwanamke mpana, mwenye subira ya mtu aliyelea wajukuu wengi. Chilewa alikuwa pembeni na Kinusi mapajani, kimezimwa.

"Nimesoma maombi yako, Dokta," alisema Mama Mwaluko. "Yana tatizo moja tu. Umeandika mboga, halafu umeandika mbichi. Mimi ni mwenyeji wa hapa. Mboga ni kinachoteremsha ugali. Kuku ni mboga. Maziwa ya mgando ni mboga. Hata dagaa mmoja akigawanywa kwa watu saba ni mboga. Lakini jani linalotafunwa hivihivi, hilo wenyeji hawaliiti mboga. Na kifungu kinasema wenyeji."

"Mheshimiwa mwenyekiti, dada yangu ni mwenyeji."

"Tumsikie basi. Mama Peresi, karibu. Hujambo, mpishi wetu?"

Peresi alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la vipaimara, na mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kanga. Alichukua jani kutoka kwenye sahani, akaliweka mdomoni, akatafuna. Kisha, nyuma kabisa, mtu mmoja akalia kama mbuzi, kwa sauti ndogo, karibu ya upole. Benchi zima likainamisha vichwa, mabega yakitikisika.

"Kimya huko," alisema Mama Mwaluko, lakini hata yeye alikuwa amebana midomo. "Mama, na nyumbani unaila hivihivi?"

Sechelela alimwona dada yake anameza. Aliona shingo inanyooka, kidogo kidogo, mpaka ikafika pale ilipokuwa zamani, enzi za sufuria zinazobebwa na wanaume wanne.

"Nani kasema?" aliuliza Peresi. "Hapa nimeonja tu ubora. Nyumbani naianika juani siku mbili, naitwanga, naipitisha chekecheo. Maji yakichemka natia magadi kidogo, kidogo kweli, wabichi wa kazi ndio wanaozidisha. Halafu karanga. Naiacha itokote taratibu mpaka mafuta ya karanga yapande juu. Ukiila na ugali wa uwele, unamsahau mumeo."

Ukumbi ulitoa pumzi. Ile haikuwa aibu tena. Hata walioikumbuka harusi ile walimwona mlaji wa kila siku amesimama mbele yao, akili zake timamu. Kule nyuma mtu alisema "hapo sawa," na mwingine akauliza magadi ya Kondoa au ya wapi.

Hakuwahi kuipika hata mara moja. Hakuwa amesogelea jiko tangu siku ya uji. Lakini alikuwa ametaja, hatua kwa hatua, kwa ufundi ambao maabara nzima isingeufikia, namna bora kabisa ya kuwatua wachukuzi magunia: jua la kuanza kazi, moto wa taratibu wa kuimaliza, na mafuta ya karanga ya kukibeba kilevi mpaka tumboni.

"Hiyo," alisema Mama Mwaluko, akifungua kidau cha muhuri, "ndiyo mboga. Katibu, andika kama alivyosema. Magadi kidogo, karanga. Ibandikwe sokoni Jumatatu." Akainua macho. "Dokta, una la kuongeza, au tugonge?"

Sechelela alisimama kwa sababu alikuwa ameulizwa. Muhuri ulikuwa umeshainuliwa. Kule kitaluni maziwa yalikuwa yanaganda ndani ya mbegu kwa mwendo wake mwenyewe, hayana habari ya Jumatatu. Angesema neno moja tu, "tugonge," na mabubu wenye nguvu wangezaliwa. Hakuwa ameongopa yeye. Alimtazama Chilewa, Chilewa alikuwa anatazama viatu vyake. Alimtazama Peresi, aliyekuwa ameketi sasa katikati ya wanawake wawili wanaomwuliza kuhusu chekecheo, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo Sechelela hakuwa ameiona tangu mkono ule uungue.

Akajaribu kuwaza habari za mbegu. Kilichokuja ni mafungu ya nyanya yaliyopangwa vizuri.

"Dada yangu hajawahi kuipika," alisema.

Wale wanawake wawili waliacha kuuliza.

"Anaila mbichi. Amesema vile kwa sababu mmemlilia kama mbuzi. Ikianikwa ikapikwa na karanga kama alivyoeleza, inalevya kuliko bangi ya kuvuta, na inachelewa kupanda, kwa hiyo mtu ataongeza sahani ya pili. Msibandike hiyo. Bandikeni iliwe mbichi tu. Nawaomba mnipe mpaka mbegu zikomae, halafu nitaleta mmea ambao mnaweza kuupika mtakavyo."

Mama Mwaluko aliushusha muhuri, pembeni, juu ya kitambaa. Alikuwa na huzuni ya kweli, na hilo halikusaidia kitu.

"Mama Peresi, ni kweli?"

"Mimi nimeshasema nilichosema," alisema Peresi.

"Basi ikiwa mbichi si mboga, na ikipikwa ni kilevi." Mwenyekiti alijiegemeza. "Dokta, nakushukuru. Wengine wangenyamaza. Lakini umenifungia milango yote miwili kwa mkono wako, na mimi sina wa tatu. Bwana Chilewa, leo ni Ijumaa."

Chilewa alikiwasha Kinusi ili kuandikisha uamuzi.

"Asante kwa ushirikiano wako, ndugu mkulima," kilisema Kinusi.

*

Waling'oa wao watatu. Chilewa hakuwaita vibarua wa wilaya. Alivua koti akaanza mwenyewe kutoka mstari wa mbali, akivuta kwa mgongo wake mbovu, na kila shina lilitoka na bonge la udongo mkavu lililolia likipasuka. Mimea ile ilikuwa na mizizi ya baba yao. Haikutoka kirahisi.

Peresi alikaa mlangoni, juu ya ndoo. Njia nzima kutoka ukumbini alikuwa ametembea mbele ya mdogo wake. Baada ya muda aliinuka, akafunga kanga kiunoni, akaingia kwenye mstari wa mdogo wake. Alishika shina kwa mkono wa kulia, akalivuta, likatoka, akalilaza chini kwa uangalifu kama mtu anayelaza kuku aliyechinjwa. Kichala kilipasuka akapakwa utomvu mweupe vidoleni. Akautazama.

"Ungeniacha niongope," alisema.

"Wangebandika, dada. Kwa jina lako."

"Wangebandika. Halafu mbegu zako zingekomaa. Mimi ndiye ninayeanguka, Seche. Si wewe, si Mama Mwaluko. Ukiamka asubuhi wewe unajua utalala ulipopanga kulala."

"Watu wangepika."

"Watu gani?"

Sechelela alikung'uta udongo mizizini.

"Watu tu," alisema.

"Mimi siwajui hao," alisema Peresi.

"Hata mimi siwajui," alisema Sechelela, akainama akashika shina lililofuata.